Meko ya kuotea moto yanarudisha moshi sebuleni, naomba msaada kabla sijabomoa dohani

#1 Kipengere (mleta mada)

Wakuu, habari za baridi. Nipo Njombe mjini, nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, tumehamia mwaka huu. Sebuleni nilijengewa meko ya kuotea moto kwa matofali ya kuchoma, dohani ikapandishwa hadi juu ya bati. Kwa macho yanapendeza sana. Shida ni kwamba tukiwasha, moshi kiasi unapanda kwenye dohani na mwingine unatoka kwa mbele, unapita chini ya linta na kutambaa kwenye siling. Haipiti muda macho yanawasha nyumba nzima. Jipsamu ya juu ya meko imeshageuka kahawia.

Mtoto wetu wa mwisho ana kifua, kwa hiyo tumeacha kuwasha. Mwezi wa saba huu tunakaa na makoti sebuleni wakati meko yapo.

Fundi aliyejenga anasema tubomoe dohani yote tuweke bomba la chuma. Niliyemwita baadaye anataka kuweka feni ya kuvuta moshi kule juu. Wote wawili wamenitajia bei, na hakuna hata mmoja aliyetoa futi akapima kitu. Mwenye uelewa wa mambo haya naomba anielekeze.

#2 MtuWaMakete

Pole mkuu. Anza na kuni. Huku kwetu watu wanakata milingoti (mikaratusi) leo, kesho wanaiwasha, halafu wanalaumu dohani. Kuni mbichi nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Moto unatumia nguvu kuchemsha hayo maji, moshi unatoka umepoa, na moshi uliopoa hauna nguvu ya kupanda.

#3 FundiMwashi

Mkuu Kipengere, usibomoe kitu kwanza. Nimejenga na kurekebisha meko mengi Iringa, Mufindi na hapo Njombe, na nyumba nilizoitwa kuvunja dohani nyingi hazikuhitaji kuvunjwa. Kuni aliyosema mdau hapo juu ni kweli, ila kama moshi unatoka hata moto ukiwa mkali na kuni ni kavu, basi tatizo liko kwenye vipimo au kwenye hewa ya nyumba.

Chukua futi unipe haya: upana wa mdomo wa meko, kimo chake kutoka sakafu ya meko hadi chini ya linta, kina, na tundu la dohani kwa ndani (siyo kwa nje, kwa ndani). Kisha urefu kuanzia sakafu ya meko hadi kileleni, na kilele kiko wapi ukilinganisha na mgongo wa paa. Mwisho, ingiza kichwa mekoni yakiwa yamepoa, angalia juu kwa tochi. Je, unaona mteremko unaoelekea kwenye tundu, au unaona zege bapa lenye tundu?

Na jaribio moja la bure. Washa moto mdogo, ukianza kutoa moshi fungua dirisha la karibu. Moshi ukikoma mara moja, nyumba yako inakosa hewa ya kuingia. Usipokoma, tuangalie vipimo.

#4 Kipengere

Fundi, shukrani. Nimepima na kijana wangu leo.

Upana 110 cm. Kimo 85. Kina 50. Tundu la dohani kwa ndani ni 25 kwa 25. Kutoka sakafu ya meko hadi kileleni ni mita 3.8 hivi. Kilele kiko chini ya mgongo wa paa, na mgongo wenyewe hauko mbali, kama mita 2 kutoka dohani. Ndani kwa juu ni zege bapa, tundu liko katikati.

Nikifungua dirisha moshi unapungua kidogo ila haukomi. Kuni ni miwati, zimekaa stoo tangu mwaka jana, zinawaka vizuri kabisa.

#5 FundiMwashi

Basi jibu liko kwenye namba zako mwenyewe. Nitaandika kirefu maana swali hili nakutana nalo kila msimu wa baridi, na linaumiza watu mfukoni bure.

Dohani haina mashine ndani yake. Hewa iliyopata joto ni nyepesi, inapanda, na hewa baridi ya sebuleni inaingia mekoni kujaza nafasi yake. Nguvu hiyo inategemea mambo mawili: dohani ina urefu gani, na hewa iliyo ndani yake ina joto kiasi gani kuzidi ya nje. Sasa mdomo wa meko ukiwa mkubwa kuliko uwezo wa tundu la juu, hewa inayoingia pale mbele inakuwa na mwendo wa pole mno, haiwezi kuubana moshi ubaki ndani. Moshi unazunguka, unagonga linta, unatoka.

Kanuni ya waashi: tundu la mraba lisipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la mdomo. Tundu la duara linapitisha moshi vizuri zaidi, kwa hiyo moja ya kumi na mbili inatosha. Tundu jembamba la mstatili, ambalo urefu ni mara mbili ya upana au zaidi, hapo unahitaji moja ya nane.

Kwako mdomo ni 110 kwa 85, sawa na 9,350 cm za mraba. Tundu ni 625. Gawanya, unapata karibu 15. Dohani yako inabebeshwa mzigo mara moja na nusu ya uwezo wake. Kwa tundu hilo mdomo usizidi 6,250. Hakuna feni itakayokupa raha hapo, na umeme ukikatika moto ukiwa unawaka utajuta. Lile bomba la chuma nalo, kama ni yale ya inchi 6 yanayouzwa madukani, eneo lake ni kama 182 cm za mraba tu. Linafaa mdomo wa 46 kwa 46. Ungebomoa, ungelipa, na moshi ungezidi.

Jaribu hivi kwanza. Tafuta kipande cha bati bapa kirefu kuliko upana wa mdomo. Washa moto wa kawaida, subiri ushike. Ukiona moshi unatoka, shikilia bati juu ya mdomo (vaa glavu za ngozi) ulishushe taratibu kutoka kwenye linta. Kuna mahali utafika moshi utakata. Weka alama ya chaki. Hapo ndipo meko yako yanapotaka linta iwe.

La pili ni hilo zege bapa. Moshi ukipanda unagonga dari ya meko, unasambaa, na ulio mbele unarudi sebuleni. Juu ya mdomo panatakiwa koo, yaani njia nyembamba ya kupitisha moshi, na juu ya koo chumba cha moshi chenye kuta zinazoinama kuelekea kwenye tundu, kisha zipigwe lipu laini. Mwinamo usizidi nyuzi 45 kutoka wima, ukilala zaidi moshi unakwama. Hili si jambo jipya. Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts ambaye dunia inamjua kama Count Rumford, aliandika mwaka 1796 jinsi ya kutibu meko yenye moshi. Alibana koo hadi inchi 4, yaani 10 cm hivi, akainamisha kuta za pembeni, na ukuta wa nyuma akaufanya thuluthi ya upana wa mbele. Waashi wa wakati wake walikuwa wanaacha koo kubwa wakidhani moshi unataka nafasi, kumbe hewa baridi ndiyo iliyokuwa inapita humo na kuupoza. Meko ya aina yake yanajengwa hadi leo na yanatoa joto zuri, maana kuta zilizoinama zinarudisha joto chumbani.

La tatu ni urefu. Mita 3.8 ni fupi, na kwa Njombe ni fupi zaidi. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa kama moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam, na mvuto wa dohani unapungua kwa kiasi hichohicho. Ramani ya mtandaoni iliyochorwa kwa nyumba ya pwani au ya Ulaya huwezi kuinakili hivyohivyo huku. Mimi kwa nyanda za juu sishuki chini ya mita 4.5, na nikiweza napita 5.

Halafu kilele kiko chini ya mgongo wa paa. Upepo ukivuka mgongo unashuka upande wa pili na kusukuma moshi urudi. Dohani inapaswa kuzidi mahali ilipotokea kwenye bati kwa 90 cm angalau, na izidi kwa 60 cm kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka ilipo. Mgongo wako uko mita 2, kwa hiyo unakuhusu.

Fanya jaribio la bati kwanza. Mengine tutayapanga ukileta majibu.

#6 Usambara

Fundi shikamoo, na asante kwa elimu. Sisi tupo Lushoto, nyumba ya zamani ya mawe tuliyorithi kwa babu. Meko yamewashwa miaka yote bila shida. Kuanzia mwaka jana yanarudisha moshi, na safari hii moshi unasikika hadi chumba cha kulala kilicho nyuma ya ukuta wa dohani. Vipimo havijabadilika, kwa nini leo?

#7 LimuruBaridi

Nami niongeze langu. Niko Limuru, nyumba ni mpya, madirisha ya aluminiamu hayapitishi hata upepo. Jikoni kuna ile feni ya kunyonya mvuke juu ya jiko la gesi. Tukikaa bila kupika, moto wa sebuleni unawaka sawa kabisa. Mama watoto akianza kupika tu, moshi unarudi ndani. Nitafanyaje?

#8 FundiMwashi

Marahaba mama. Nianze na wewe kwa sababu lako haliwezi kungoja: msiwashe tena hayo meko mpaka yakaguliwe. Moshi kufika chumba cha pili maana yake dohani ina ufa, au lipu ya ndani imeachia mawe. Na penye moshi kuna kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mtu aliyelala haamki kuikimbia. Kama kuna mtu ameamka na kichwa kinamgonga au kizunguzungu kinachoisha akitoka nje, muwahisheni hospitali na mseme wazi kwamba mmekuwa mkiwasha moto ndani.

Meko yaliyofanya kazi miaka mingi yakibadilika ghafla, sababu huwa chache. Viota vya ndege au nyuki wamehamia, hiyo naikuta sana kwenye nyumba ambazo hazikuwashwa kwa muda. Masizi yamejaa, hasa kama mmeanza kutumia kuni za misindano (paini). Matofali ya juu yameanguka ndani. Au kitu kipya kimesimama jirani, mti umekua, nyumba ya ghorofa imejengwa, na upepo umebadilika. Mpandishe fundi na tochi na kioo. Masizi yakifika unene wa milimita 3 ni lazima yasuguliwe kwa brashi ya waya yenye ukubwa wa tundu. Yale meusi yanayong'aa kama lami ni hatari kuliko vumbi jeusi la kawaida, yanashika moto humohumo ndani ya dohani, na moto huo unaunguruma hadi paa linatetemeka.

Ufa ukithibitika, kuziba kwa nje pekee hakutoshi. Dohani inapigwa lipu upya kwa ndani, au inashushiwa bomba la chuma kisichoshika kutu. Na hapa ukubwa wa bomba lazima uendane na mdomo kwa hesabu niliyoandika kule juu, kwa hiyo mdomo nao huenda ukapunguzwa.

Ndugu wa Limuru, lako ni la hewa. Feni ya jikoni inatoa hewa nje, nyumba imefungwa kila upande, basi hewa ya kufidia inaingia kwa njia pekee iliyo wazi, nayo ni dohani yako. Leo zima feni wakati wa moto, au fungua dirisha la jikoni karibu na feni. La kudumu ni kutoboa ukuta karibu na meko, uweke bomba la 10 cm linaloleta hewa kutoka nje, wavu mdomoni panya asipite, na kifuniko cha kufunga moto usipokuwepo.

#9 Mnyalu_Orijino

Kwa nini mnajisumbua hivi? Jiko la mkaa likishaiva halitoi moshi. Sisi tunaingiza sebuleni, tukienda kulala tunalihamishia chumbani.

#10 FundiMwashi

Ndugu yangu, nakuomba sana uache leo. Mkaa ulioiva hauna moshi wa kuonekana, lakini ndio unaotoa hiyo kaboni monoksaidi kwa wingi, na jiko la mkaa halina dohani ya kuitoa nje. Kila msimu wa baridi tunasikia familia imekutwa asubuhi ndani ya chumba kilichofungwa, jiko liko katikati. Meko mabovu ya moshi angalau yanakukera ukatoka. Mkaa hausemi kitu. Lala na blanketi la ziada, jiko libaki nje.

#11 MtuWaMakete

Nasisitiza hilo la mkaa. Huku Makete baridi ni ya kuganda na mazoea hayo yapo. Waambieni na wazee nyumbani.

#12 Kipengere

Fundi, nimeleta majibu. Bati nililishusha kama ulivyosema. Kwenye 10 cm moshi ulipungua, kwenye 20 ulibaki unatoka kidogo kwenye kona, kwenye 27 ukakata kabisa, na tukiwa tumefunga madirisha. Mke wangu alikaa mbele ya moto bila kufuta macho. Ila kimo kimebaki kama 58, meko yanaonekana kama kinywa kilichobanwa. Kuna njia ya kuyafanya yapendeze?

#13 FundiMwashi

Ipo. Hesabu inaangalia eneo lote, kwa hiyo si lazima yote uyatoe kwenye kimo. Pandisha sakafu ya meko kwa kozi moja ya tofali, umepata kama 8 cm. Shusha linta 12. Kimo kinakuwa 65. Kisha simamisha tofali moja kwa ubavu kila upande, unene wa 7.5, upana unabaki 95. Zidisha, 95 kwa 65 ni 6,175. Umeingia ndani ya uwezo wa tundu lako, na umbo bado ni zuri.

Kwa linta mpya tumia engo ya chuma, iache na nafasi ndogo kwenye ncha, kwa sababu chuma kikipata joto kinarefuka na kitapasua ukuta ukikibana. Ndani ya meko usitumie saruji tupu wala bloku za saruji. Joto linazivunja. Tofali za kuchoma zilizoiva vizuri, au zile maalumu za kustahimili moto ukizipata, na uunganishe kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga. Mawe ya mtoni usiweke kabisa karibu na moto, yana maji ndani, yanapasuka kwa kishindo na kurusha vipande.

Wakati umefungua linta, tengeneza na hilo zege bapa. Jenga miteremko ya tofali kutoka pembeni na nyuma kuelekea kwenye tundu, kisha piga lipu laini. Kazi hiyo ni ya fundi mmoja na msaidizi, na matofali utakayonunua ni machache.

Dohani ipandishe iuzidi mgongo wa paa kwa 60 cm. Hiyo itakupeleka karibu mita 5. Fanya kabla ya mvua za Novemba. Na mwambie fundi akifungua bati aangalie mbao za kenchi: ziwe mbali na ukuta wa dohani kwa 5 cm angalau. Nimewahi kukuta kenchi imechomekwa ndani ya tofali za dohani, mbao imegeuka mkaa polepole bila mtu kujua.

#14 Kipengere

Nitaangalia mbao kabla ya chochote. Swali dogo, kofia ya juu ya kuzuia mvua niweke? Na kuni nikaushe vipi kwa ratiba ya huku?

#15 FundiMwashi

Kofia weka, mvua ikiingia inaoza dohani kwa ndani. Kosa la wengi ni kuibandika chini mno. Kwa tundu la 25, iinue 20 cm juu ya kilele, pande zote nne wazi, uweke na wavu wenye matundu makubwa kuzuia ndege. Wavu wa matundu madogo unaziba kwa masizi na moshi unarudi tena.

Kuni zipasue Agosti hadi Oktoba kukiwa kukavu, uzipange chini ya paa pembeni wazi upepo upite, zisiguse ardhi. Juni inayofuata ziko tayari. Ukizikata Aprili mvua ikiisha, Juni bado ni mbichi ndani hata kama ganda ni kavu. Kuni iliyokauka ina nyufa kwenye ncha, ukigonganisha mbili zinalia, na mekoni haitoi povu kwenye ncha. Wenye kipima unyevu watafute chini ya asilimia 20. Miwati ni nzuri sana, inakauka haraka kuliko mlingoti. Misindano tumia vipande vidogo vya kuwashia tu.

Asubuhi ya baridi kali dohani inakuwa imejaa hewa baridi nzito inayokaa kama kizibo. Kabla ya kuwasha, kunja gazeti, liwashe, ulishike juu karibu na koo mpaka usikie hewa inavuta. Halafu washa kuni ndogo kavu, moto mkali mdogo, magogo yafuate baadaye.

#16 Usambara

Fundi, tumempandisha kijana leo. Amekuta mzinga wa nyuki karibu na kilele, na chini yake lipu imebanduka kama mita moja upande wa chumba cha kulala. Mrina asali anakuja Jumamosi kuwahamisha usiku, hatutawafukuza kwa moto. Baada ya hapo nitatafuta mwashi wa lipu ya ndani. Mdomo wa meko ni 90 kwa 70, tundu ni 30 kwa 30. Kwa hesabu yako naona tupo salama, au nimekosea?

#17 FundiMwashi

Hujakosea mama. 6,300 kwa 900 ni saba, tundu linatosha kabisa na hata lipu mpya ya 2 cm kila upande itakuacha na 26 kwa 26, yaani 676, ambayo bado ni zaidi ya moja ya kumi. Mwambie mwashi asizidishe unene huo, na aache lipu ikauke wiki kadhaa kabla hamjawasha, mwanzo kwa vijiti vidogo tu.